Miezi Sita Bila Kuanguka

Nyumba ya wageni, chumba namba tisa
6 Februari

Mdogo wangu,

Nimefika salama, isipokuwa kiuno, ambacho nadhani kilishuka kituo kimoja kabla yangu. Chumba kina kitanda, dirisha linalotazama ukuta, na meza yenye mguu mmoja mfupi. Mguu huo nimeutegemezea taarifa ya mwaka ya mkaguzi wa shule aliyenitangulia. Ndiyo kazi ya kwanza ya maana taarifa ile kupata kuifanya.

Simu huku hushika mtandao ukipanda kilima, na mimi sipandi kilima kwenda kupiga kelele. Tutaandikiana. Kondakta wa basi la Alhamisi amekubali kubeba bahasha. Tena ni afadhali, maana maneno ya simu mtu huyakana kesho yake.

Sasa Karani na kifafa chake. Nilikueleza kwa mdomo, lakini siku ile ulikuwa ukiitikia "ndiyo dada, ndiyo dada" huku ukinyoa mtu. Kidonge kimoja asubuhi, kimoja jioni, ndani ya kipande cha mkate. Saa haichezewi. Akianguka, usimtie mkono mdomoni; mbwa hamezi ulimi wake, huo ni uongo wa mitaani. Ondoa viti, zima redio, funga pazia, tazama saa. Dakika mbili, tatu, ataacha kupiga miguu. Akiamka hataona vizuri, na atakuwa na njaa kama mtu aliyetoka kifungoni. Mwache azunguke. Kisha andika kwenye daftari nililokupa: tarehe, saa, dakika ngapi, na alikuwa akifanya nini kabla. Zikipita dakika tano hajaacha, mwite Daktari wa mifugo hata kama mkono wake uko ndani ya ng'ombe.

Daktari huyo unamjua. Miaka miwili iliyopita aliniambia sindano moja tu ingemaliza tatizo la mbwa huyu. Nikamuuliza mama yake mwenye kisukari amempangia sindano ipi. Tangu siku hiyo tunaheshimiana. Naye amekubali jambo moja: ikipita miezi sita kamili bila kuanguka, tutapunguza dawa kidogo kidogo, kwa sababu zinamlegeza miguu ya nyuma na zinamchosha ini. Miezi sita. Naitaka kuliko cheo hiki walichonizungusha miaka kumi na moja kabla ya kunipa.

Na huyo jirani yako muuza mitumba akisema tena kwamba mbwa ana mashetani, mwambie Mkaguzi anakuja kukagua akili za mtaa mzima.

Msalimie wifi yangu. Mwambie ile sufuria sikuichukua.

Dada yako


Dukani
19 Februari

Dada,

Shikamoo. Wifi yako anasema sufuria hiyo ilikuwa na miguu basi.

Karani amezoea kazi. Anakaa mlangoni wima, miguu ya mbele pamoja, anampima kila anayeingia kuanzia viatu hadi kichwa kama anayemuuliza fomu yake iko wapi. Hakika jina ulimpa sawasawa. Wateja wapya wanamsalimu kabla yangu.

Jana alianguka. Ilikuwa saa nne na robo asubuhi. Alikuwa amelala chini ya kiti cha kunyolea, nami nilikuwa na wembe nyuma ya sikio la mwalimu wa hesabu. Nilisikia kucha zikikwaruza sakafu. Niliweka wembe chini, nikavuta benchi. Fundi Viatu alizima redio bila kuambiwa. Mzee Mhasibu, yule mstaafu anayekuja kusoma gazeti la bure, alitoa saa yake mfukoni akaanza kuhesabu kwa sauti ya chini, na duka lote likanyamaza, Dada, duka ambalo halijanyamaza tangu nilifungue. Mwalimu wa hesabu alikaa nusu kichwa kimenyolewa, povu linakauka shavuni, hakupepesa jicho.

Dakika mbili na sekunde arubaini. Alijikojolea. Alipoamka aligonga mguu wa meza, akala mkate wote wa Fundi Viatu, kisha akarudi mlangoni kazini kwake. Nimeandika kwenye daftari.

Usiwe na wasiwasi.

Mdogo wako, Kinyozi


Chumba namba tisa
27 Februari

Mdogo wangu,

Umeandika "usiwe na wasiwasi" chini ya habari kama hiyo? Siku nne sijalala. Katika shule ya Jumatatu nimesaini kitabu cha mahudhurio ya wanafunzi badala ya kitabu cha wageni, na sasa kwa mujibu wa serikali mimi niko darasa la tano.

Nimeandika barua ya kuomba nirudishwe. Iko mezani, bado haijapigwa mhuri. Kama anaanguka kila mwezi, kazi hii na iende kwa mwingine. Mbwa huyu nilimwokota jalalani akiwa mdogo kuliko kiatu, na hakuna aliyewahi kunitegemea namna hiyo, hata wewe, ambaye nilikubeba mgongoni.

Niandikie kila wiki mbili. Nitaamua kwa utakachoniambia.

Dada yako


Dukani
9 Aprili

Dada,

Shikamoo. Nimekuandikia mara tatu sasa, na mara zote habari ni hiyo hiyo njema: tangu ile ya Februari hajaanguka tena. Anakula, analala, anakoroma kuliko Mzee Mhasibu. Daftari lako ni safi, kurasa nyeupe.

Tafadhali ile barua ichane. Ulikisubiri cheo hicho mpaka mvi zikakutoka. Mimi ndiye niliyekupaka rangi ya kuzificha, kwa hiyo najua. Kaa ufanye kazi.

Mdogo wako, Kinyozi


Chumba namba tisa
17 Juni

Mdogo wangu,

Ile barua ya kurudishwa hatimaye nimeichana. Nimeichana tena vipande vidogo, maana mhudumu wa hapa husoma kila kitu.

Kazi ni vita, nami nimenenepa kwa vita. Wiki iliyopita mwalimu mkuu mmoja alinionyesha kitabu cha mahudhurio: watoto mia tatu na kumi na wawili, miezi minne, hakuna aliyekosa hata siku moja. Nikamuuliza, "Hapa mafua hayaingii?" Akacheka. Nikamwambia watoto wa kweli huugua, hutoroka, hutumwa dukani, na kitabu kisicho na hata alama moja nyekundu kimeandikwa na mtu aliyeketi peke yake na kalamu yake. Tulipohesabu vichwa vilikuwa mia na tisini. Nimewaandikia wakubwa kurasa kumi na nne. Nchi ngapi zimezama si kwa kukosa takwimu bali kwa kuwa na takwimu tamu? Watu wanadhani uongo hatari ni ule wa mhalifu. Hatari ni ule wa mtu mwema anayetaka mkubwa wake alale vizuri.

Lakini habari zako ndizo zinanishikilia huku. Miezi minne! Nimechora vijisanduku ukutani kwa penseli, nafuta kimoja kila jioni. Mwambie Karani namsalimu. Mwambie kwa sauti ya kawaida, hapendi kubembelezwa.

Dada yako


Chumba namba tisa
20 Agosti

Mdogo wangu,

Juzi miezi sita imetimia. Nilikaa kitandani kama bibi harusi, sijui nicheke au nilie.

Daktari nilimwandikia mapema, wiki mbili zilizopita, na kumnakilia yote uliyoniandikia. Amejibu kwa mistari mitatu, kama kawaida yake, lakini amekubali. Basi kuanzia utakaposoma barua hii, kidonge cha jioni kiwe nusu. Cha asubuhi kibaki kizima. Tutaona mwezi mmoja.

Umefanya kazi kubwa. Nimekutania maisha yako yote kwamba wewe ni mlegevu, kwamba hujawahi kumwambia mtu hapana. Leo nafuta kauli.

Dada yako


Nyumbani
3 Septemba

Wifi,

Ni mimi, mwenye sufuria. Usishtuke kuona mwandiko wangu. Karani yu hai. Nimeanza na hilo ili usome mengine umekaa.

Jumapili asubuhi alianguka, akaamka, akaanguka tena kabla hajasimama vizuri, kisha mara ya tatu. Daktari alikuja na nguo zake za kwenda kutembelea wakwe, akampiga sindano ya kutuliza, akakaa naye sakafuni mpaka mchana. Sasa analala jikoni kwangu, juu ya kanga yangu nzuri, na sisemi kitu.

Mdogo wako hajafungua duka siku tatu. Ana jambo la kukwambia, nami nimemwambia aliseme mwenyewe. Mficha maradhi, kifo humuumbua. Sisi tumepata bahati ya kuumbuliwa na mbwa aliye hai. Mimi si mpiga mbiu wa nyumba hii. Ila nakuomba, bahasha yake ikija, usiisome kwa macho ya Mkaguzi.

Wifi yako


Nyumbani
10 Septemba

Dada,

Shikamoo. Nimechana barua nne kabla ya hii.

Hakuna miezi sita. Haikuwahi kuwapo. Tangu Machi mpaka ulipoagiza dawa ipunguzwe, Karani ameanguka mara saba. Zote nimeziandika, lakini si kwenye daftari lako. Nimeziandika nyuma ya kalenda ya dukani, nami nakutumia karatasi yenyewe, haijanakiliwa. Machi mbili, Aprili moja, Mei moja, Juni mbili, Julai moja. Ile ya Aprili ilikuwa siku mbili kabla ya kukuandikia kwamba kurasa ni nyeupe.

Sikutaka kukudanganya. Najua hayo ndiyo maneno ya kila mwongo. Ulisema ungeacha kazi, ulisema hulali. Nikajiambia nitaficha hii moja tu. Ya pili ikanikuta nimekwisha ficha ya kwanza. Kazi yangu unaijua: miaka ishirini na mbili nasimama nyuma ya watu. Mtu akianza upara utosini, nikimwonyesha kisogo kwa kile kioo cha mkononi, nakiinamisha kidogo. Anaona shingo safi, anafurahi, anaondoka. Hakuna aliyenifundisha, mkono wenyewe hujua. Nawe nilikuinamishia kioo, Dada. Sikukumbuka kwamba mteja wangu akitoka hapa hana uamuzi wa kufanya juu ya upara wake. Wewe ulikuwa nao.

Barua ya nusu kidonge ilipofika niliishika tangu asubuhi hadi jioni. Ningeweza kusema. Ningeweza angalau kuendelea kumpa kizima kimyakimya. Hilo la pili nililifanya siku ya kwanza. Siku ya pili nikaona kwamba nimeanza uongo mpya juu ya ule wa zamani, nikaogopa, nikaona heri nikutii. Nikakata kidonge kwa wembe wangu, kwa uangalifu, kama mtu mwaminifu. Siku tisa baadaye ndiyo Jumapili ile.

Wifi yako hakujua. Dukani wote walijua, lakini walidhani nawe unajua.

Daktari amerudisha kidonge kizima, na ameongeza dawa ya pili. Hakunigombeza. Alisema tu kwamba yeye hutibu karatasi anazoletewa.

Niseme nini tena.

Mdogo wako


Chumba namba tisa
16 Septemba

Mdogo wangu,

Barua ya kwanza niliyoandika kukujibu ilikuwa na kurasa sita. Mhudumu angeisoma ningeshtakiwa. Nimeitia jikoni kwao, kwenye moto.

Sitakutukana. Nilifichua vitabu vya uongo katika shule kumi na moja mwaka huu, nikakaa chumbani nikafuta vijisanduku vyangu kwa penseli kama mtoto. Kurasa nyeupe miezi sita, nami sikuuliza kama mafua hayaingii. Kwa sababu nilizitaka. Wewe uliandika, mimi nikanunua. Na amri ya nusu kidonge ina sahihi yangu.

Sasa nisikilize. Daktari ameniandikia, safari hii ukurasa mzima. Anasema kuanguka mara tatu mfululizo si jambo dogo, kwamba dawa mbili huenda zikamshika na huenda zisimshike, kwamba miguu italegea zaidi. Ameuliza, kwa adabu, kama nimelifikiria lile la sindano. Nimelifikiria. Nilimtukana kwa neno hilo nilipokuwa na kiburi. Kabla ya likizo yangu ya Mei siwezi kurudi, na kumweka mnyama katika mateso ili sisi tujisikie wema ni ukatili uliovaa kanzu nyeupe. Nimesoma vya kutosha juu ya watu wanaorefusha maumivu ya wengine kwa jina la huruma, na sitaki kuwa mmoja wao.

Mpeleke Jumamosi tarehe nne Oktoba, asubuhi, kabla ya kula. Nimemwarifu Daktari. Kaa naye.

Usinijibu kwa maneno matamu. Sina tena pa kuyaweka.

Dada yako


Dukani
24 Septemba

Dada,

Shikamoo.

Hapana.

Nimeliandika peke yake ulione vizuri, maana sidhani nimewahi kukwambia neno hilo tangu nijue kusema. Nakupa kwanza mabaya yote, halafu utaamua.

Siku mbili baada ya ile Jumapili alikuwa haoni. Aligonga milango. Mguu wa nyuma wa kushoto anauburuta, na kizingiti cha duka hawezi kukipanda, nambeba. Mwezi Juni, akiwa bado hajanijua baada ya kuamka, aliniuma kiganja. Kovu lipo, nalo nililificha. Anajikojolea hata akiwa hajaanguka, labda mara mbili kwa wiki. Dawa mpya inamfanya asinzie huku amekaa, kichwa kinashuka, kinashtuka, kinashuka. Alianguka tena juzi, Jumatatu, saa tatu na dakika kumi, dakika mbili kasoro. Mzee Mhasibu alihesabu. Wateja wawili walitoka, mmoja wao hatarudi, amesema wazi kwamba duka langu linamtisha.

Hayo ndiyo yote. Sijainamisha kitu.

Sasa sikiliza na mimi. Umesema mateso. Wewe umemwona akianguka mara ngapi, tano? Mimi nimeshika kichwa chake mara kumi na mbili tangu Februari. Akianguka, Dada, hayupo. Macho yamefunguka lakini hakuna mtu nyumbani. Anaporudi hajui kwamba aliondoka. Anajua ana njaa. Wanaoumia dakika zile mbili ni sisi tuliosimama. Nimezijumlisha zote na Mzee Mhasibu, hata zile tatu za Jumapili: hazifiki dakika arubaini tangu uondoke. Muda uliobaki amekuwa mbwa. Jana alimkatalia muuza mitumba kuingia mpaka alipovua kofia. Leo ameiba mkate wa Fundi Viatu akiwa mzima wa akili kabisa, kwa makusudi.

Nami nitasema neno la utovu wa adabu, unisamehe. Nadhani mimi nimekosa, wewe umekosa, na sasa unataka yeye ndiye alipie. Wewe ukikasirika lazima kitu kifanyike siku hiyo hiyo. Hili si la kufanyika siku hiyo hiyo.

Siku itafika, najua. Akikataa chakula, au akiwa hatukumbuki hata baada ya saa nzima, au zikija mfululizo tena na dawa zikashindwa. Siku hiyo nitakuandikia mimi, kwa herufi kubwa, nami nitambeba mwenyewe nimshike. Sitakuficha. Lakini Jumamosi hiyo ya tarehe nne sitampeleka. Ukitaka apelekwe, panda basi uje umpeleke wewe, na uyapite macho yake pale mlangoni.

Wifi yako amesoma barua hii. Amesema hajui ameolewa lini na mtu huyu aliyeiandika.

Mdogo wako, Kinyozi


Chumba namba tisa
1 Oktoba

Mdogo wangu,

Nimeisoma mara tatu nikitafuta pa kukukosoa. Nimepata: katika hesabu zako hukusema anakunywa maji kiasi gani, na Daktari atataka kujua, kwa ajili ya ini. Mpimie kwa jagi.

Mengine yamenikera sana, hasa lile la kulipia. Nimetembea nalo siku mbili. Nilipanda hata kilima, nikashika simu, nikaiona ina mtandao, nikashuka bila kupiga.

Tangu Februari hakuna barua yako iliyonikera kama hii, na hakuna nyingine ninayoiamini kama hii.

Nampa kondakta bahasha hii mkononi, nimemwapisha iwe kwako Ijumaa jioni. Daktari nimemwandikia yake.

Jumamosi msiende popote.

Dada yako